Kariakoo kufuata mzigo wa nusu saa: gari mnaliacha wapi?

Mama Keki wa Rangi Tatu:
Habari za jioni wakuu. Nina kaduka ka vifaa vya keki Mbagala Rangi Tatu, kila Jumanne nafuata mzigo Kariakoo: ndoo za siagi, aising shuga, vibao, maboksi. Wauzaji wananijua, naagiza kwa simu, nikifika ni kuhesabu na kulipa. Nusu saa. Kinachoniua ni kupaki.

Jumanne iliyopita nimeingia mtaa wa Mkunguni saa nne asubuhi. Nimezunguka mara tatu, Passo yangu nyuma ya mkokoteni wa mahindi, mpaka kijana mmoja mwenye kitambaa chekundu akanipungia: "Njoo mama, njoo, kata kulia, lala!" Nikalala. Akaniambia niache gari nyutro, nisivute hendibreki, ili wengine wakitaka kutoka alisukume. Nikatii kama mwanafunzi. Narudi na mpagazi wangu, gari silioni. Limesukumwa mpaka kwenye kona na tairi la mbele lina mnyororo. Kijana kayeyuka. Faini niliyolipa imekula faida ya ndoo mbili za siagi.

Wenzangu mnaokwenda kila wiki, mnapaki wapi?

Dereva Kirikuu:
Pole sana mama. Kosa si kupaki, kosa ni kuingia ndani. Mimi nabeba mizigo ya watu humo mwaka wa saba, na saa nne asubuhi hata kwa hela siingii. Acha gari upande wa Mnazi Mmoja, kwenye maegesho ya kulipia, ingia kwa miguu, mzigo utoe kwa guta, ile ya mizigo ya magurudumu matatu. Guta linapita pasipopita gari. Elewana bei kabla hajapakia, na utembee naye sambamba, usimtangulie.

Kijana wa Kimara:
Panda basi la mwendokasi, shuka kituo cha Gerezani. Gari la nini mjini?

Mama Keki wa Rangi Tatu:
Mwanangu, ndoo nne za siagi na maboksi mia mbili nipande nayo mwendokasi saa kumi jioni? Njoo unibebee.

Mzee wa Vitenge:
Nina duka humo tangu 1998, ngoja niseme ambalo wenzangu hawatalipenda. Nafasi mnazozitafuta tumezikalia sisi. Nafungua saa moja na nusu, napaki mbele ya duka langu, naondoka saa kumi na mbili jioni. Jirani hivyo hivyo. Mteja wa nusu saa anakuja saa nne, mtaa umeshajaa magari ambayo hayatakwenda popote kutwa nzima. Ushuru tunalipa, lakini kwa mwenye duka ile ni hela ya chai, haimtoi mtu.

Halafu tazameni mitaa yenyewe. Nilipoanza, kiwanja changu kilikuwa na nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na uwani mnazi. Leo ni ghorofa nane, kila ghorofa maduka, na chini kabisa, ambapo wengine walidhani magari yatakaa, ni stoo. Upana wa barabara ni ule ule. Na Msimbazi katikati wamepita mwendokasi, kwa hiyo kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kakisimama dakika tano kushusha marobota, foleni nyuma yake inafika mbali.

Mama, njoo saa moja asubuhi. Sisi wenyewe ndiyo tunafika, wenye mizigo mikubwa wameshashusha usiku. Au mwambie muuzaji wako akuwekee mzigo tayari tangu jana.

Dereva Kirikuu:
Mzee kasema kweli, ila hajasema kama kesho gari lake ataliacha nyumbani 😂

Mzee wa Vitenge:
Magoti yangu hayataki daladala, kijana.

Mama Keki wa Rangi Tatu:
Mrejesho. Leo nimetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, njiani pale Bendera Tatu nimepita bila kukanyaga breki. Gari nimeacha Mnazi Mmoja. Mzigo ulikuwa umefungwa kamba tangu jana, guta limenitoza elfu nne baada ya kuanza na saba. Saa mbili kasoro niko Rangi Tatu nafungua mlango. Boksi moja la vibao limelowa, guta lilikuwa limebeba samaki kabla yangu. Nimevianika juani hapa mbele, vinanukia soko la samaki la Feri.