Idrisa atuletee nini cha kunolea visu (kikundi cha UKOO WA BIBI)

Zuleikha: Asalaam aleikum ukoo. Jamani mie leo nimejikata nikitengeneza ngisi, kisu butu kinateleza juu ya ile ngozi kama unakata raba, nikakaza mkono ndo kikaruka kikaingia kwenye kidole cha shahada. Damu imesimama alhamdulillah ila nyumba hii ina visu saba na hakuna hata kimoja kinachokata

Khalati Rukia: Waaleikum salaam pole mwanangu, oshea maji safi ufunge kitambaa. Mie nimesema tangu Ramadhani visu vya humu vinakamua nyanya havikati

Idrisa Maskati: Pole sana dada. Mie n'nakuja baada ya wiki mbili inshallah, kabla ya Iddi kubwa, na kwenye mzigo zimebaki kilo kidogo. Huku kuna kimashine cha kunolea, unapitisha kisu kwenye mfereji wake mara tano basi. Niwaletee? Kuna na cha umeme

Zuleikha: Lete lete

Mwinyi Dar: Kile cha kupitisha usilete kaka. Mie ninacho huku. Wiki ya kwanza unafurahi kwelikweli afu baada ya miezi makali yanakuwa kama meno ya msumeno, mana vile vyuma viwili vilivyokaa kama V havinoi vinakwangua, unaona kabisa vinyoya vya chuma vinadondoka mezani. Na karibu na mpini hakifiki vizuri, kisu changu pale pameliwa pakaingia ndani, sasa nikikata kitunguu vipande havitengani vimeshikana kama tasbihi

Khalati Rukia: Basi tumpe yule wa baiskeli anaepita mtaani

Zuleikha: Khalati kile kisu kipya cha mpini mweusi si ndo alinoa yule. Kimerudi kinakata mpaka karatasi, wiki moja tu kikafa. Na pale kwenye makali pana rangi ya buluu mpaka leo

Ami Seif: Hiyo buluu ni moto. Jiwe linazunguka kavu bila maji, cheche zinaruka, chuma kikishageuka rangi ile ujue joto limepita digrii 300 na ugumu wake umeondoka pale. Makali ya chuma laini hayakai. Simlaumu yule kijana anatafuta riziki yake, na wapo wanaochovya kwenye maji kila mara, hao kisu chako kinapona. Ila cha kupikia usipeleke kwenye jiwe kavu

Ami Seif: Sasa nisikilizeni maana hii ndo kazi yangu. Mie nimenoa patasi na randa tangu nikiwa mwanafunzi wa useremala na patasi ikikosewa pembe mbao inakwambia hapo hapo. Watu wanauliza jiwe gani mashine gani, hawaulizi pembe, yaani kisu kimeinuka kiasi gani juu ya jiwe. Kisu cha jikoni kinataka digrii kama 20 kila upande, vile vyembamba vya Kijapani 15, patasi yangu 25. Tabu ni kwamba mkono unayumba, pito la kwanza digrii 20 la pili 28 la tatu 15, mwisho badala ya makali unatengeneza mviringo, umesugua nusu saa na kisu hakikati unasema jiwe bovu. Kwa hiyo Idrisa chochote utakacholeta mie n'taangalia kitu kimoja tu, kinamsaidia vipi mtu asieyumba na anaeyumba wapate pembe ile ile

Zuleikha: Hapo ndo penyewe Ami, jiko hili tunaingia watu wanne kila mtu na mkono wake

Idrisa Maskati: Nimekuelewa Ami. Nimeenda dukani sahivi. Kuna seti ya Lansky, unakibana kisu kwenye kibanio afu jiwe limefungwa kwenye fimbo unaipitisha kwenye tundu, yapo matundu ya digrii 17, 20, 25 na 30. Hapo mkono hauyumbi kabisa

Ami Seif: Hiyo nzuri kwa kisu kifupi. Kisu kirefu kama cha Khalati, ncha inakuwa mbali na kibanio na pembe inapungua kule mwisho, itabidi ubane mara mbili. Nawe mwenyewe jiulize, Khalati atafungua skrubu na kubana kisu huku mchuzi uko jikoni?

Khalati Rukia: Sifungui skrubu

Idrisa Maskati: Haya, kuna ile ya fimbo mbili za kauri zimesimama kama V, Spyderco. Unashika kisu wima kama unakata mkate unateremsha, kushoto kulia kushoto kulia. Pembe zimeshapangwa kwenye kitako, 15 au 20

Mwinyi Dar: Hiyo naikubali, kushika kitu wima kila mtu anaweza hata mtoto. Ila kwa visu vilivyofikia hapo vya kwetu fimbo zile laini zitachukua siku nzima. Ni za kulinda makali yaliyopo

Idrisa Maskati: Jiwe la maji la Kijapani je? Namba 1000 upande mmoja 6000 upande wa pili, namba ikipanda chembe zake ndogo zaidi

Ami Seif: Jiwe zuri sana lile, linakula taratibu na makali yake matamu. Lakini linataka kulowekwa dakika kumi kabla, na ni laini, ukinoa linabonyea katikati kama mbao ya kufulia, ukiacha bila kulisawazisha juu ya msasa uliolala kwenye kioo basi pembe yako nayo imeharibika. Kwa mie sawa. Kwa jiko la watu wanne litavunjika mwezi wa kwanza

Ami Seif: Angalia kama wana bamba la almasi. Yaani bamba la chuma lenye chembe za almasi juu yake, namba 400 na 1000. Halilowekwi unalinyunyizia maji tu, halibonyei, likianguka halivunjiki. Na pembe n'tawapa mie hapa hapa kwa kabari

Zuleikha: Kabari vipi?

Ami Seif: Kipande cha mbao kimekatwa mteremko. Sentimita 10 kwenda na 3.6 kupanda, hiyo ni digrii 20 kasoro kidogo sana. Unaiweka mwisho wa jiwe, unalaza ubavu wa kisu juu yake, mkono unaisikia ile pembe, afu unateleza kwenye jiwe hivyo hivyo. Kila mapito kumi unarudi kwenye kabari kujikumbusha. Asiekuwa na kabari achukue rula, mgongo wa kisu uinuke theluthi ya upana wake. Upana sentimita 4.5 mgongo uinuke 1.5. Upana 3 uinuke 1. Inakupeleka palepale kwenye 20 kasoro kidogo

Mwinyi Dar: Ami hii ya theluthi mbona hukuwahi kutwambia 😮

Ami Seif: Hamkuuliza. Zuleikha njoo uchukue kabari moja ninayo karakana, na kile kinoo cha kijivu cha dukani cha pande mbili kipo hapo kwenu chini ya sinki, anza nacho leo usisubiri Maskati. Chukua na maka peni upake kwenye makali, wino ukitoka unaona jiwe linagusa wapi. Na usigeuze upande mpaka uusikie unywele wa chuma kwenye ukingo

*

Zuleikha: Nimerudi. Nimefanya kile kisu cha ngisi. Nilipaka maka peni pale pembeni kwenye makali kama alivyosema Ami, nikapitisha mara tatu nikaangalia, wino umetoka juu kwenye bega la kisu lakini kwenye ukingo wenyewe umebaki mweusi. Yaani siku zote nilikuwa nalaza mno na makali hayagusi jiwe hata kidogo!! Nikainua kidogo nikapaka tena, safari hii wino umetoka wote

Ami Seif: Ahsante. Hapo ushajua zaidi ya wengi. Ulipata unywele?

Zuleikha: Mwanzo hapana, nikawa nataka kugeuza upande nikakumbuka umesema nisigeuze mpaka niusikie. Nimesugua kama dakika kumi upande mmoja tu. Afu nikapitisha dole gumba kutoka mgongoni kuja nje, taratibu, nikausikia unakwaruza, kama ukingo wa kopo lililofunguliwa, kuanzia mpini mpaka ncha. Ndo nikageuza

Ami Seif: Ule unywele ni chuma kilichosukumwa kikajikunja upande wa pili, ndo ushahidi kwamba umefika ukingoni. Wengi hugeuza mapema, ndo mana kisu chao kinakata katikati tu. Ukishaupata pande zote mbili unanoa kwa mkono mwepesi mwepesi, moja huku moja kule, mpaka uondoke. Ukiubakiza kisu kinakata leo kesho unajikunja kinakuwa butu

Zuleikha: Nimefanya hivyo kwenye upande laini wa kinoo. Nyanya inakatika bila kuisukuma, nimekiweka juu ya ganda nikavuta tu kikazama. Khalati kaja kaangalia

Khalati Rukia: Nimekata vitunguu viwili sijalia. Ila mie si wa kukaa na kabari kila siku

Ami Seif: Si kila siku bibie. Jiwe ni baada ya mwezi au zaidi. Katikati hapo geuza kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usiong'aa, pitisha kisu mara nne tano kila upande kwa mkono mwepesi kinaamka. Na ile sahani ya kioo mnayokatia itoeni, kioo ni kigumu mno kwa makali, kila ukigonga unafuta kazi yote. Mbao tu. Na mifupa ina panga lake

Mwinyi Dar: Na Iddi ndo hiyo inakuja

Ami Seif: Ndo kinachonipa haraka. Hadithi ya Muslim iko wazi, mwenye kuchinja anoe kisu chake ampumzishe mnyama wake. Mwaka jana nimeona mbuzi akiteseka kwa kisu cha mtu nikaumia moyo mpaka usiku. Mwaka huu visu vya kuchinjia nanoa mwenyewe siku moja kabla, ndani, mbali na mnyama asivione

Khalati Rukia: Allah akulipe kheri

Idrisa Maskati: Nimelipata Ami. Namba 400 na 1000, urefu sentimita 20, upana 7. Nimeshalipa. Ile ya fimbo nimeiacha, kilo zilizobaki n'nazijaza halwa

Ami Seif: Umefanya vizuri. Likifika msilikandamize, almasi inakata yenyewe, ukikandamiza chembe zinang'oka. Na siku za mwanzo litakwaruza kwa ukali msishtuke, litatulia

Khalati Rukia: Seif kata kabari nyingine, hii Zuleikha kaiacha kwenye maji imeanza kuvimba

Zuleikha: Nisamehe Ami nilikuwa naosha kinoo

Ami Seif: Hiyo ilikuwa ya mbao laini. Nna kipande cha mvule hapa nakata mbili kesho asubuhi, moja yenu na moja Mwinyi aichukue akija Iddi, na kile kisu chake kilicholiwa pale mpinini aje nacho