Ardhi ya kambi iliyolala: wananchi walime au jeshi libaki nayo?

Mwana wa Konde: Asalaam aleikum. Hapa kwetu Pemba kambi ya jeshi imechukua eneo kubwa, na mazoezi yanafanyika upande mmoja tu. Upande wa pili ni pori, na ndani yake imo mikarafuu ya zamani. Msimu ukifika karafuu zinachanua juu ya mti, na karafuu ikishachanua haina bei tena. Kwa nini tusiruhusiwe kulima upande ule, siku za shabaha ikapandishwa bendera nyekundu na kila mtu akakaa kwake? Pemba nzima ni kilomita za mraba 988 tu.

Mstaafu: Pori lile si ziada. Risasi ya bunduki ikiikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2, na ardhi iliyo nyuma ndiyo kinga yenu. Mmesahau Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, kule Dar es Salaam? Maghala ya silaha yaliripuka, watu wakafia majumbani mwao. Na tuseme kweli, ardhi mnaitakia nini wakati eka tatu walizogawiwa babu zenu na serikali mmeshazikata viwanja mkauza?

Bint Karafuu: Hilo la eka tatu ungelimeza. Babu yangu alipewa zake baada ya Mapinduzi, mimi nimekulia humo. Amekufa ameacha watoto wanane. Gawa eka tatu kwa wanane, kisha gawa tena kwa wajukuu, uniambie kila mmoja analima wapi. Aliyeuza kauza apeleke mtoto skuli. Usitutukanie wazee wetu.

Mstaafu: Sikumtukana mzee wa mtu. Nimesema mmeuza, na mmeuza.

Pweza Mkavu: Kwani eka tatu zilikuwa za kuuzwa? Mzee Karume, Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, alianza kuzigawa 1965, kule Dole kama sikosei, ili watu walime. Na sheria ya ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma, mtu ana haki ya kuitumia tu.

Bint Karafuu: Basi sheria hiyo isomwe na kwa wenye mahoteli fukweni. Mbona inakumbukwa tu akitajwa mkulima?

Mtu wa Wete: Hapo umesema, dada. Hata hilo pori wakiliachia, wiki ya pili mtasikia limepata mwekezaji. Bora likae na wanajeshi, angalau tunajua liko wapi.

Mwana wa Konde: Jamani, mimi sikuuliza hoteli. Nimeuliza muhogo, mtama na choroko, mazao ya msimu. Jeshi likilitaka eneo lake, tunavuna tunaondoka. JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, hawa hapa, wanalima na wanafunza vijana.

Pweza Mkavu: JKU ni kikosi cha SMZ, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar; JWTZ, jeshi lenye kambi, ni la Muungano. Usichanganye. Ulinzi ni jambo la Muungano, ardhi si jambo la Muungano. Sasa hilo konde utakwenda kuliomba kwa nani, Vuga kwa SMZ au Dodoma kwa Muungano?

Mtu wa Wete: Ukishafika Muungano ndugu yangu tutakesha hapa.

Mstaafu: Nimetumikia nchi hii na nimelala kwenye mahandaki ya mazoezi. Sitaki kuona mtoto anaokota kitu kichakani akakifanya mchezo. Kabla ya jembe lolote, ardhi ikaguliwe na wataalamu wa mabomu. Hilo ndilo langu.

Bint Karafuu: Hilo ungeanza nalo tungekusikiliza. Ulianza na babu zetu. Na bado sijaona ukiomba radhi.

Mstaafu: Radhi ya nini? Nenda kaangalie vibao vya "kiwanja kinauzwa" huko njiani kwenu, kisha urudi hapa.

Bint Karafuu: Vibao hivyo ni vya madalali wa mjini. Nitakutajia na shehia ukitaka.

Pweza Mkavu: Taja.