Naomba ushauri: 911 mpya, punguzo linapatikana kweli?

GiaSita:
Habarini wadau. Nimejichanga muda mrefu na sasa nataka kuchukua Porsche 911 Carrera mpya kabisa, sio used, hii 992.2, yaani toleo lililoboreshwa la kizazi cha sasa, iliyotoka 2024. Dila, yaani muuzaji wa shorumu, kanikazia, anasema 911 haishuki hata senti, halafu akaanza kunipigia hesabu ya makato ya kila mwezi, ukiiangalia unaona mbona inalipika, ila nikimuuliza jumla yake ni ngapi anazungukazunguka tu. Je ni kweli hizi gari hazina punguzo au ameniona mgeni? Nina BMW M240i pia ya kumwachia kama sehemu ya malipo.

MzeeWaTurbo:
Mkuu inategemea ni 911 ipi. GT3, ile 911 ya kimashindano, sahau, watu wako foleni na kuna madila wanaongeza chao juu ya bei ya kiwanda, hata Corvette C8 ilipoanza kutoka walifanya hivyohivyo. Ila Carrera ya kawaida iliyokaa shorumu ni habari nyingine kabisa, kwa sababu dila mara nyingi gari zenyewe kazichukua kwa mkopo, kila mwezi ikiwa imepaki pale riba inamla. Kwahiyo usimuulize "mnapunguza?", muulize ipi imekaa sana na ilifika lini. Ukiweka oda mpya na rangi yako ya peke yako na breki za kauri, hapo huna nguvu, na hizo opsheni siku ya kuuza hakuna atakayekurudishia hela yake. Chukua iliyopo, hata kama siti sio rangi uliyoiota.

Neema_V8:
GiaSita kaka yangu, hapo kwenye makato ya mwezi ndipo unapopigwa!! Wanachukua mkopo wa miezi 48 wanausogeza hadi 72, makato yanashuka wewe unafurahi, kumbe jumla imepanda. Au wanakuwekea donge kubwa la kulipa mwishoni. Mwambie nataka bei moja ya mwisho kwa maandishi, gari na usajili na kila kitu, bila hiyo hatuongei mkopo.

Na hiyo M240i usiitaje kabisa mpaka bei ya 911 imefungwa. Kwanza tafuta ofa yake kwa wanunuzi wengine, maana dila atakupunguzia huku akakukata kule na utaondoka unashukuru.

kona_kali:
Mimi ningeangalia Mercedes AMG GT au Aston Martin Vantage, hapo ndo utaona punguzo la maana.

MzeeWaTurbo:
@kona_kali punguzo lipo kweli ila jiulize kwanini lipo. Hizo thamani inaanguka haraka kuliko 911, ukiuza baada ya miaka mitatu kile ulichopunguziwa kinaweza kuondoka chote na zaidi. Kama ataikalia miaka kumi sawa, aende na moyo wake.

Neema_V8:
Kuna na gari za demo, hizo wanashusha bila kulia sana. Ila ujue wateja wa majaribio wanakanyaga ovyo, hata injini ikiwa bado ya baridi, kwahiyo mwambie fundi wao achomeke kompyuta akutolee ripoti ya DME, yaani kompyuta ya injini, inaonyesha kama injini ilizungushwa kupita kiwango na ni mara ngapi. Wakikataa kuitoa achana nayo. Angalia pia waranti ilianza kuhesabiwa lini, kama ilishasajiliwa basi imeshaanza kuliwa.

GiaSita:
Asanteni sana aisee, mmenifungua macho. Nimempigia nikauliza ipi imekaa, kataja nyekundu moja ambayo mteja aliiagiza akaikacha, na sauti ilibadilika kidogo. Nimemwambia anitumie bei ya jumla kwa email kabla sijaenda, BMW sijaigusia. Nikiipata naiweka hapa muichambue.