Naomba ushauri: nguzo ya kitanda kwenye CNC ya kujitengenezea, nakshi haikutani

SeremalaKeko:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala, niko Keko hapa Dar. Nina CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) niliyoiunda mwenyewe, inachonga milango na vichwa vya vitanda bila shida. Sasa wateja wanataka nguzo zenye nakshi ya kuzunguka, na hiyo lazima mti wenyewe uzunguke chini ya ruta, yaani mota yenye kisu cha kuchongea.

Nimefunga mota ya stepa ya NEMA 23 (inazunguka kwa hatua ndogo ndogo) moja kwa moja kwenye chaku ya leth ya taya tatu, ile inayobana mti, upande wa pili nikaweka ncha ya kushikilia. Nguzo ni mninga, kipenyo milimita 90. Nakshi ikimaliza mzunguko, mwisho unapishana na mwanzo karibu milimita moja, na mfereji una mawimbi kama mchanga maji yakishakupwa. Nikizishika taya mota ikiwa na umeme, nasikia zinacheza. Nimeshaharibu nguzo mbili na mninga ni ghali. Ninunue mota kubwa, au giaboksi ya wom (gia inayosukumwa na skrubu)?

MzeeWaLeth:
Mwanangu, mota iache kwanza, tupige hesabu. Ina hatua 200 kwa mzunguko. Mzingo wa nguzo yako ni karibu milimita 283, kwa hiyo hatua moja nzima ni milimita 1.4 usoni pa mti. Draiva, kile kifaa kinachoendesha mota, inaigawa hatua hiyo vipande 8 au 16, sawa, lakini kipande hakina nguvu ya hatua nzima. Kisu kikisukuma, mota inayumba humo ndani bila kupoteza hatua hata moja. Milimita yako tuanze kuitafuta hapo.

Weka mkanda wa meno, HTD 5M (jino kila milimita 5) wa upana wa milimita 15, puli ya meno 15 kwenye mota na ya 60 kwenye shafti. Hatua inashuka hadi milimita 0.35 na nguvu inapanda karibu mara nne. Wom za bei nafuu zina mwanya kati ya meno: ukigeuza upande, mota inazunguka kidogo kabla mti haujasogea. Nakshi ya kwenda na kurudi itakuonyesha.

Tena chaku isibebwe na mota. Iwe na shafti yake ya milimita 25 juu ya beringi mbili za 6205 zilizoachana vya kutosha. Nyumba ya beringi wakuchongee mafundi wa mtaa wa Gerezani hapo Dar, matundu yote mawili kwa kufunga mara moja, yasipishane.

FundiMombasa:
Shikamoo mzee, umemaliza. Naongeza moja tu: kisu kisimame juu ya kitovu hasa. Funga fimbo nyoofu ya chuma, gusisha kisu taratibu kila ubavu, gawanya kwa mbili, hapo ndipo sifuri ya Y, mhimili unaokatiza nguzo. Kisha kitembeze juu ya fimbo toka chaku hadi kwenye ncha. Kikiinuka au kikiachia njiani, kitako hakijanyooka.

DadaWaUmeme:
Kama unatumia GRBL ya kawaida (programu inayoongoza mota), ina mihimili mitatu tu, kwa hiyo utahamishia waya wa Y kwenye mota ya kuzungusha. ZIMA UMEME kwanza! Ukichomoa waya wa stepa ukiwaka unaweza kuunguza draiva. Na Y ya zamani ikikosa waya, daraja la ruta linabaki huru, libane kwa klempu. Draiva ikiwa kwenye 8, una hatua 6400 kwa mzunguko (200 mara 8, mara 4 ya puli). Gawanya kwa mzingo, kwenye $101, mpangilio wa hatua kwa milimita za Y, andika 22.64.

SeremalaKeko:
Asante dada. Nguzo yangu ina shingo nyembamba katikati, nitumie kipenyo kipi?

DadaWaUmeme:
Kile ulichochorea, cha nje. Upana wa mchoro uwe sawa na mzingo huo, 282.74. Kwenye shingo nakshi itabanana kidogo, ila mwisho utakutana na mwanzo, maana mzunguko kamili ni mmoja pote.

SeremalaKeko:
Wakuu, narudi na majibu. Shafti na mkanda tayari, nimejaribu kwenye kipande cha mpaini. Nimepitisha ukucha pale mwanzo na mwisho vinapokutana, haukwami. Mawimbi yamebaki kidogo upande wa ncha, nadhani meza yangu inanesa pale, naikaza kesho. Mungu awabariki sana. Nikishaikaza naweka mninga.