Naomba ushauri: Nilipe kodi ya mwaka Ilala wakati nyumba inanukia kuvunjwa, au niezeke boma langu Chanika?

Mama Vitumbua

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga Ilala upande wa Bungoni, huu mwaka wa 9. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "hamia kwako", maana najua ndilo litakuwa jibu la kwanza.

Nyumba ni ya Kiswahili, ya zile za zamani. Korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani banda, choo na bomba. Mimi nina vyumba viwili. Chumba cha mbele yupo fundi cherehani Mmakonde, anayefuata ni kijana wa Kihaya muuza simu, halafu familia ya Kipemba, na bandani vijana wa Kisukuma wanaobeba mizigo Kariakoo. Ramadhani tunafuturu mkeka mmoja, Krismasi sufuria langu la pilau halifiki jioni. LUKU ni moja na kila mwezi tunagombana friji ya nani inakula umeme. Sijidai ni peponi.

Kazi yangu ni vitumbua. Mchele unalowekwa mchana, jioni unapita mashine ya jirani, nachanganya nazi, hamira na hiliki, unaumuka. Saa tisa usiku nawasha majiko mawili ya mkaa uani. Saa kumi na moja na nusu kijana anapakia ndoo kwenye baiskeli anapeleka kwa wauza chai wangu 11 Kariakoo. Saa moja asubuhi nimeshamaliza, watoto wameenda shule kwa miguu.

Sasa bibi mwenye nyumba alifariki mwaka juzi. Amewaacha watoto saba. Nyumba ya jirani ilivunjwa Januari, leo pale pana ghorofa imefika ya tano, na vumbi la saruji linatua kwenye mafuta yangu. Mwezi uliopita walikuja watu wawili na tepu, wakapima kiwanja, wakapiga picha mpaka choo. Juzi mtoto mmoja wa marehemu akaja: chumba kinatoka 80,000 kinakuwa 120,000, na anataka ya mwaka mzima ndani ya wiki mbili. Kwa vyumba viwili ni 2,880,000. Nikamuuliza wale wenye tepu ni nani, akasema "ni watu wa bima." Nyumba ya udongo iliyopigwa plasta inakatiwa bima!

Pesa ninayo, 3,100,000, mgao wa kikoba. Nilikuwa naitunza kwa ajili ya mabati, nina boma, nyumba isiyoisha, Chanika huko pembezoni mwa jiji, kuta zimefika lenta. Nikilipa kodi, bati ndiyo basi tena. Nisipolipa, natoka. Nifanyeje?

Kipanga255

Hamia kwako.

Mama Vitumbua

Asante mkuu, hujaniangusha.

Nauli Haitoshi

Dada, mimi nilikuwa nakaanga chapati Buguruni, 2021 nikahamia Chanika kwa mbwembwe, nyumba yangu, geti langu. Nikakuta mambo mawili. Kwanza, huku chapati wanakula sana ila wanakula kwa daftari. Pili, wateja wangu wa zamani wanataka mzigo saa kumi na mbili kamili, na mimi nikitoka na ndoo saa kumi alfajiri nagombania daladala na wanafunzi. Konda hataki ndoo ya mafuta, abiria hawataki. Nilidumu miezi minne. Sasa hivi nauza mkaa.

Sikukatazi kuezeka. Nakwambia tu nyumba na kazi ni vitu viwili, usivipakie kwenye gari moja siku moja.

Mrithi wa Nne

Nitakwambia kitu ambacho ndugu zangu wasingependa nikiseme. Sisi nyumba ya mzee ilikuwa Kariakoo. Alikuja mwekezaji, tukaingia ubia: sisi kiwanja, yeye pesa. Familia tukapewa sehemu yetu, yeye anakula kodi ya zilizobaki kwa miaka tuliyokubaliana. Ndivyo ghorofa nyingi unazoziona zinavyosimama, siyo kwamba wazawa wote waliuza wakakimbilia Mbagala.

Kutoka siku ya tepu mpaka greda ilikuwa miezi mitano. Katikati hapo kaka yetu mkubwa alizunguka akakusanya kodi ya mwaka kwa wapangaji wote. Alijua. Na sisi tulijua, na mgao tulikula. Wapangaji wawili waliokuwa na mkataba wa maandishi walirudishiwa salio lao, maana mwekezaji hakutaka kesi. Waliobaki waliambulia "samahani sana". Yupo bibi mmoja muuza ubuyu, mpaka leo tukikutana naangalia pembeni.

Hao wenye tepu siyo wa bima.

Babu Shaurimoyo

Mwanangu pole. Mimi nimezaliwa Ilala, wakati mtu akisema anaenda "mjini" anamaanisha Kariakoo. Viwanja vya huku vilipimwa na Mwingereza kwa ajili ya Waafrika, kila kimoja nyumba moja, na hizo nyumba za vyumba sita ndizo zilizopokea kila kabila lililoshuka stesheni. Kwa hiyo naelewa unacholilia.

Lakini vijana mnaozipamba hizi nyumba hamkupanga foleni ya choo kimoja watu ishirini na tumbo linauma. Acheni zivunjwe. Ninachogombana nacho ni kwamba hakuna anayejenga chumba cha mama huyu kwenye hizo ghorofa. Chini fremu, juu stoo za mizigo ya China, juu kabisa wapangaji wenye hela ndefu. Uani wamefuta kabisa, kama vile Mswahili hana cha kufanya nje.

Kipanga255

Mzee na yale majengo mengine sina imani nayo. Novemba 2024 tumeona la Kariakoo lilivyoshuka na watu ndani, mchana kweupe.

Babu Shaurimoyo

Hilo nalo.

Sauti ya Kota

Mbona Magomeni Kota watu walitolewa, wakasota miaka kwenye nyumba za kupanga, halafu zikajengwa ghorofa na zikazinduliwa 2022, wakarudi? Mwambieni atafute haki yake.

Karani wa Baraza

@Sauti ya Kota unachanganya mambo. Zile kaya 644 za Magomeni zilikuwa za wapangaji kwenye kota za umma, serikali ndiyo ilikuwa mwenye nyumba, na kurudi kwao kulitokana na ahadi ya rais aliyekuwepo. Huyu dada ni mpangaji wa mtu binafsi. Sheria ya zamani iliyokuwa inabana upandishaji wa kodi ilishafutwa, tangu 2005. Bei ni maelewano, na mwenye nyumba akiamka na 120,000 hakuna ofisi ya kumzuia.

Ila dada, una vitu vitatu mkononi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie huyo kijana akuonyeshe barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Watoto saba, mmoja anakusanya kodi: hao wengine sita wanajua? Ukimlipa asiye msimamizi, kesho anakuja mwenzake kukudai tena.

Pili, kama unalipa kwa mwezi na huna mkataba wa muda maalum, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka upewe notisi isiyopungua kipindi hicho cha malipo, yaani mwezi. Siyo "wiki mbili utoke".

Tatu, usilipe mwaka. Omba miezi mitatu, kwa maandishi, na kiandikwe kipengele kwamba nyumba ikivunjwa kabla ya muda, salio linarudi. Mkataba mfupi wa hivyo hauhitaji mlolongo wa usajili, ila uwe na mashahidi na nakala yako. Akikataa kipengele hicho, umeshapata jibu la swali la tepu.

Mama Vitumbua

Karani ubarikiwe. Sikuwahi kuwaza habari ya msimamizi. Bibi enzi zake alikuwa anakaa barazani, unampa pesa, anaandika kwenye kidaftari cha shule, mmemaliza.

Nauli Haitoshi umenigusa palepale. Nilikuwa najidanganya kwamba nalilia chumba. Chumba nitapata. Ninacholilia ni uani. Wiki hii nimeangalia apatimenti mbili za watu, moja Tabata, moja Sinza. Mwenye nyumba wa kwanza kabla hata sijauliza bei kanionyesha kibao: mkaa marufuku. Nikikaanga kwa gesi vitumbua 400 kwa siku, faida yote inaishia kwenye mtungi. Nimeshapiga hesabu hiyo mara tatu, haibadiliki.

Nauli Haitoshi

Tafuta Buguruni basi. Nyumba zenye uani zipo, Kariakoo baiskeli inafika, na Barabara ya Uhuru unainyoosha moja kwa moja. Watoto hawatabadili shule.

Mrithi wa Nne

Buguruni sawa, ila ukiambiwa chumba 40,000 jiulize kwa nini. Usishuke mabondeni. Nyumba za bonde la Msimbazi zimebomolewa kupisha mradi, na zile zilizo pembezoni mvua ya masika unalala juu ya meza. Na ukiona barabara ya mtaa imewekwa lami na mitaro mipya, ujue na hapo tepu iko njiani. Siyo leo, lakini iko njiani.

Fundi Paa

Kuhusu boma: lenta wazi ikipigwa mvua misimu miwili mitatu, kozi za juu zinaanza kulegea. Siyo lazima uezeke nyumba nzima. Nimewaezekea watu wengi vyumba viwili vya nyuma kwanza, mbao zilizotiwa dawa, bati la kawaida, mlango mmoja wa maana. Mpangishie mtu hata kwa bei ya chini, akulindie. Nyumba yenye moshi jikoni haiibiwi madirisha.

Mama Vitumbua

Wakuu mrejesho, nimechelewa kwa sababu ya msiba.

Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, akamwita yule kijana. Kuulizwa barua ya mahakama, akaanza kupekua simu. Kumbe msimamizi ni dada yao mkubwa, anakaa Tanga, na hakujua habari ya laki na ishirini. Tulimpigia palepale, sauti ya wazi. Hakuficha: mazungumzo na mwekezaji yapo, hawajasaini. Tumekubaliana nibaki kwa bei ileile ya 80,000 na nilipe miezi mitatu, 480,000, karatasi imegongwa muhuri wa mtaa, kile kipengele cha salio kimo. Yule fundi cherehani naye ameandikisha ya kwake. Vijana wa bandani wamesema hawana muda wa makaratasi.

Kijana wa marehemu tangu siku hiyo hanisalimii.

Fundi Paa nakuja inbox kuhusu vile vyumba viwili. Na Buguruni nimepata chumba na nusu, 90,000, uani kupana, bomba lipo, mwenye nyumba mwenyewe anauza supu kwa hiyo mkaa haumsumbui. Nimepaona mchana tu. Kesho nampitia kijana wa baiskeli tukapaangalie tena saa tisa usiku, nijue njia ya kutokea barabarani ina taa na mbwa wa yule jirani wanafungwa au wanaachiwa.