Mwalimu kamkata mwanangu "nina hamu nawe" kwa wino mwekundu, eti si adabu!

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naandika nimekasirika na sitaficha.

Binti yangu yuko gredi ya sita hapa Lamu. Waliambiwa waandike barua ya kirafiki, naye akamwandikia babake, aliye Doha kikazi mwaka wa pili sasa: "Baba, nina hamu nawe." Daftari limerudi jana. Sentensi imepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa, "Si adabu. Sema nimekukosa." Alama mbili zimekwenda. Mtoto kaniuliza, "Mama, kwani nimetukana?" Hapo ndipo nilipochomeka.

Nimekukosa! Kwetu nikikwambia nimekukosa, maana yake nilikuja kwako Langoni, nikapiga hodi, hukuwepo, nikarudi zangu. Kukosa ni kutafuta usipate, au kulenga usipige. Babake akisoma hivyo atadhani mtoto alimpigia simu haikushikwa. Kiingereza kina neno moja la kukosa shabaha na la kumwaza aliye mbali, na mtu kalibeba zima zima hadi darasani. Vijana wakisema "nimekumisi", angalau kila mtu ajua kuwa ni la kuazima. Hili limevikwa kanzu na kofia kana kwamba lilizaliwa hapa mtaani kwetu Lamu, Mkomani.

Najua aibu ilikotoka. Siku hizi mitaani hamu imefanywa neno la chumbani tu. Lakini sikilizeni watu wanavyosema. Mtu ana hamu ya samaki wa kupaka, hamu ya kusafiri, na naam, hamu ya mwili pia. Hamu na mtu ni jambo jingine kabisa: nina hamu na mamangu, nina hamu na ndugu yangu, nina hamu na marehemu nisiyemwona tena. Ni hicho kijineno "na" kilichobeba mambo yote, na mwalimu wa Kiswahili ndiye wa kwanza kutakiwa akijue.

Wala asiniambie mtoto angeandika shauku. Shauku hutazama mbele. Twangoja mwezi wa Idi kwa shauku. Uchu ni wa tumbo, na siku hizi wa madaraka. Hamu humtazama mtu uliyemzoea. Asili yake ni hamm ya Kiarabu, yaani huzuni na wasiwasi, na uzito huo haujalitoka. Bibi yangu aliolewa na baharia wa jahazi la boriti. Mumewe akiondoka na upepo wa kusi kwenda Uarabuni, harudi mpaka kaskazi ivume. Bibi akisema "hamu imenishika", hakuna aliyemwona hana haya. Majirani walikuja kukaa naye barazani mpaka usiku, kwa kuwa walijua hali ile.

Na asijifiche nyuma ya sanifu kana kwamba hiki ni Kiamu tu, lahaja yetu ya Lamu. Hamu ni neno sanifu, limo kwenye kamusi zilizo ofisini kwao.

Jumatatu naenda shuleni. Alama mbili wakae nazo. Nataka mwanangu aambiwe mbele ya darasa kwamba hakutukana, kwa sababu kosa lake lilisomwa mbele ya darasa. Barua nimeipiga picha nikamtumia babake kama ilivyoandikwa.

Walimu mlio humu, hii "nimekukosa" mwafundishwa wapi?