Natoka kwenye ugonjwa wa kujinyima kula. Ushauri wa lishe mtandaoni niamini upi?

Upepo_wa_Jioni:
Habari za muda huu wakuu. Nilikuwa na ugonjwa wa kujinyima kula, sasa naendelea kupona. Tatizo ni mtandaoni. Mmoja anasema wanga ni sumu, mwingine kula chochote mwili unachodai, wa tatu usile mpaka mchana ili tumbo lipumzike. Wote wana wafuasi kibao na wote wanajiamini. Mkweli nitamtambuaje? Matusi hapana, tafadhali.

Bwana_Mizani:
Wanga ndio adui. Mimi niliacha, suruali zote nikazigawa. Anzia hapo.

Mama_Pacha:
Mizani, mada umeisoma? Mtu anatoka kwenye kujinyima, unamwambia ajinyime tena!

Kifaru_Mpole:
Simu zimewaharibu vijana. Enzi zetu ukipewa chakula unakula na unashukuru, magonjwa haya hatukuyajua.

Nesi_Mstaafu:
Mzee Kifaru, shikamoo. Anoreksia, yaani huu ugonjwa wa kujinyima kula, ilipewa jina lake na daktari William Gull wa London miaka ya 1870, simu yenyewe ndiyo kwanza inavumbuliwa.

Mleta mada, kwanza jiulize ushauri huo alitungiwa nani. Mwingi ni wa watu wanaotaka kupungua, na hata kama unawafaa wao, kwako unaamsha ugonjwa uleule. Pili, cheo. Uingereza, kwa mfano, kuna cheo cha lishe kinacholindwa na sheria, na kingine ambacho yeyote anaweza kujipachika. Tatu, je, anakuuliza historia yako kabla ya kukupangia chakula? Na kuna hali yoyote ambayo angekuambia "hili limenizidi, nenda hospitali"?

Wewe nani anakufuatilia? Damu ulipima lini?

Upepo_wa_Jioni:
Asante nesi. Nafuatiliwa vizuri tu.

Nesi_Mstaafu:
Na nani?

Upepo_wa_Jioni:
Kuna kocha wa mtandaoni. Aliugua kama mimi, ana picha zake za kabla na baada. Kliniki niliacha, msinihukumu. Yule mtaalamu alikuwa ananipima nikiwa nimeipa mizani mgongo, kilo haniambii, kama mtoto mdogo. Kocha ananielewa. Na programu yake nimeshalipia, naanza Jumatatu: siku kadhaa juisi tupu kusafisha sumu, kisha kula kwa wingi kwa mpigo.

Mama_Pacha:
Uwiii. Mdogo wangu alipita humo humo. Alipoanza kula alikuwa na njaa isiyoshiba, usiku kucha yuko jikoni, akadhani amekuwa mlafi. Alikuja kutulizwa na daktari aliyemsimulia jaribio la Minnesota, Marekani: 1944 hadi 1945, wanaume 36 wazima wa afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi, na waliporudishiwa wengine walikula bila kutosheka. Mwili unadai deni lake. Tena mdogo wangu alikuwa na mchumba mmoja… haya, hiyo siku nyingine.

Jicho_la_Tatu:
Hii chai. Akaunti mpya, mara kocha, mara programu. Kesho jina na namba ya kulipia. Moderata, futa tangazo.

Kifaru_Mpole:
Chai yenyewe haina hata sukari.

Bwana_Mizani:
Afadhali, sukari ni sumu.

Upepo_wa_Jioni:
Jina sijamtaja na sitamtaja. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ndugu zangu wanaijua.

Nesi_Mstaafu:
Iwe chai, isiwe chai, jibu langu ni lilelile. Sumu zinaondolewa na ini na figo, juisi haina kazi hapo. Cha kutisha ni huo mpigo. Aliyekaa na njaa muda mrefu akijaziwa chakula ghafla, hasa wanga, homoni ya insulini inapanda, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanatoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana hospitali wanapima damu, wanatoa vitamini B1, na chakula wanakiongeza hatua kwa hatua.

Ukisimama unapata kizunguzungu? Umewahi kuzimia?

Upepo_wa_Jioni:
Kizunguzungu kipo. Juzi nilianguka bafuni. Ni uchovu tu lakini.

Nesi_Mstaafu:
Hospitali leo. Jumatatu ni mbali. Waambie hujala vizuri kwa muda mrefu na umeanguka, wapime damu na moyo. Mizani kupewa mgongo ni makusudi, namba isije ikakutawala. Ila una haki ya kuelezwa, na una haki ya kuomba mtaalamu mwingine.

Upepo_wa_Jioni:
Na hela niliyolipa? Hawarudishi.

Bwana_Mizani:
Niuzie mimi nusu bei.

Mama_Pacha:
Mizani, koma. Upepo, una mtu wa kukupeleka?

Upepo_wa_Jioni:
Kaka yangu yupo nyumbani. Ila hajui lolote.

Mama_Pacha:
Mwambie ulianguka. Hilo linatosha kumtoa kitini, mengine mtaongea njiani.

Jicho_la_Tatu:
Mimi bado nasema chai. Ila hospitali nenda.